Maji ya Kitamli

Kwa miaka miwili mwanangu alikunywa maji kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, na hata hivyo vikombe vyenyewe vilikuwa vya kuhesabu. Asubuhi kimoja cha kumezea dawa, adhuhuri kimoja, jioni kimoja na nusu. Hiyo nusu tuliigombania kila siku ya Mungu. Mafigo yake yote mawili yalikufa akiwa na miaka minane, mkojo ukakauka, na kila tone alilomeza lilibaki mwilini mpaka siku ya kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Mashine ilikuwa Dar es Salaam. Basi mama yake akahamia naye kwa dada yangu, Mbagala, nami nikawa mtu wa kwenda na kurudi, wiki hii bara, wiki ijayo kisiwani kwetu Ndagoni, kwenye minazi yangu.

Binti huyu ana jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo namwita mama, naye ananiita baba. Wasiotujua wakitusikia hucheka.

Wakati ule wa mashine, muuguzi mmoja alitukalisha akatutajia vitu vya kupima. Maji, chai, uji, supu, dafu, hata barafu ya kulamba. "Vyote hivyo ni maji," alisema, "vyote vinaingia kwenye hesabu." Nikalishika neno lake. Mimi ni mkwezi wa minazi, baba yangu alikuwa mkwezi, na mkwezi huwa anasikiliza anachoambiwa na aliye chini. Shida yangu ni kwamba jambo nikishalishika silikagui tena. Dafu likaingia kichwani mwangu kwenye fungu la maji, likakaa huko huko.

Kisha nikampa figo langu. Damu ya mama yake haikulingana, yangu ikalingana, na mambo yote ya kupimwa na kusubiri nayaruka hapa kwa sababu nikiyakumbuka nachoka. Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, ubavu unaniwaka moto, niliuliza jambo moja tu: "Limekojoa?" Muuguzi akacheka, akasema limekojoa palepale mezani, kabla hata hawajamaliza kumshona mtoto. Nililia, na kila nilipolia mshono uliniuma.

Daktari wake alikuwa msichana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo kabla hajasema la hospitali, na hilo lilinifanya nimpende. Siku ya nne alikuja na jagi la plastiki akaliweka kando ya kitanda cha mtoto.

"Sasa anywe maji, baba. Mengi. Figo hili halitaki kukaukiwa."

"Mengi kiasi gani?"

"Jagi hili asubuhi, jagi hili jioni."

Nilimwangalia mke wangu. Miaka miwili tumempigia mtoto kelele kwa nusu kikombe, leo tunaambiwa tumpigie kelele asipomaliza jagi. Mtoto mwenyewe alishika bilauri kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akasita, akatutazama usoni. Nilimwambia anywe. Alikunywa huku macho yake yako kwangu, akingoja nimpokonye.

Masharti yalikuwa mengi, mimi na kichwa changu tulichanganyikiwa mapema. Dawa za kushusha kinga ya mwili saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, zisipitilize. Asikae karibu na mwenye mafua. Maji yawe safi na salama, yachemshwe, kwa sababu kinga yake tumeishusha wenyewe ili isilishambulie figo la mtu mwingine. Kwenye chakula daktari alisema atakula kawaida, ila kuna vitu tutaviangalia kadiri damu inavyosema. Nilisikia "kawaida". Yaliyofuata yalipita juu ya kichwa changu.

Na mimi nikapewa sharti langu: nisikwee mnazi mpaka aniruhusu yeye. "Umebaki na moja, baba. Ukianguka ukaliumiza, hatuna pengine pa kulitoa." Mtoto alikuwepo, alisikia.

Baada ya miezi mitatu tuliruhusiwa kurudi kisiwani, tuwe tunakwenda kliniki kila mwezi. Watu wa Ndagoni walikuja kutujulia hali kwa wingi mpaka tukaona haya, kwa sababu tuliwakalisha nje barazani na ndani hatukumwingiza mtu. Kwetu kumzuia mgeni asimwone mgonjwa ni jambo kubwa. Walivumilia. Wakamwona kupitia dirishani, wakamwombea dua, wakaondoka.

Kilichonishinda ni maji. Kisima chetu kina chumvi kwa mbali, na mke wangu akichemsha maji kwa moto wa makumbi ya nazi yanapata harufu ya moshi. Sisi wengine tumeshazoea. Mtoto aliyekuwa akililia nusu kikombe sasa alikunja uso mbele ya jagi. Asubuhi anakunywa robo, jioni robo. Hasira zangu ziko karibu, nami nilimfokea, kisha nikaona aibu, kisha nikamfokea tena. Nililiwaza figo langu mle ndani likikaukiwa.

Ndipo nikaukumbuka mnazi wake.

Alipozaliwa, kitovu chake kilipodondoka tulikizika nyuma ya nyumba, na juu yake nikapanda kitamli, ule mnazi mfupi wa madafu ya rangi ya chungwa. Sote tulifanyiwa hivyo, na wangu bado upo, umepinda mgongo. Wake ulianza kuzaa mwaka ule ule alipoanza kuumwa, na kwa miaka miwili mashazi yake ya madafu waliyanywa watu wengine. Nilisimama chini yake nikajiona mjinga. Maji gani safi kuliko yale? Hayakuguswa na ndoo wala mkono, hayataki kuchemshwa, hayana chumvi wala moshi. Na kijijini kwetu hakuna aliyepata kuumwa njia ya mkojo asiambiwe anywe dafu, maana linasafisha figo. Tena walipotukataza dafu, walitukataza kwa sababu ni maji. Na maji sasa yamefunguliwa.

Naiandika hoja hii yote kwa sababu hata leo nikiipitia naiona imenyooka.

Mnazi ule una vidato vitano tu vya kukanyagia. Huko si kukwea, nilijiambia, huko ni kupanda ngazi. Kidato cha tatu mshono ulinivuta, nikang'ata meno nikaendelea. Niliangua matatu. Mwanangu alikuwa amesimama chini, shingo nyuma, ananitazama. Nilidhani ana kiu.

"Una hakika daktari ameruhusu?" mke wangu aliuliza.

"Ameruhusu maji."

"Maji, sawa. Na dafu?"

"Dafu kama si maji ni nini, ubwabwa?"

Alinyamaza. Nikimjibu hivyo huwa ananyamaza, na mimi kunyamaza kwake nimezoea kukuhesabu ushindi.

Ikawa asubuhi moja, mchana moja, alasiri moja. Majirani waliposikia, nao wakaleta ya kwao. Mtoto aliyanywa yote mpaka tone la mwisho na kunirudishia kifuu. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Maji yanatoka kwenye mnazi wa kitovu chake, yanakwenda kwenye figo langu, na katikati yuko yeye. Nililala vizuri wiki hizo. Alipoanza kusema miguu mizito, anachoka akifika nusu ya njia ya kwenda chuoni kusoma Kurani, nilimwambia ni kulala kitandani muda mrefu, atembee itazoea.

Siku ya kliniki walimtoa damu asubuhi, tukaenda Mbagala kwa dada kula. Adhuhuri simu ya mke wangu ikalia. Ilikuwa sauti ya daktari wetu, na kwa mara ya kwanza hakuanza na shikamoo.

"Mrudisheni mtoto sasa hivi. Asitembee. Mbebeni."

Mtoto alikuwa sakafuni anacheza kete na binamu yake, tena anamwibia. Nikamtazama, nikaitazama simu. Nilimwambia mke wangu wamekosea damu, hii itakuwa ya mtoto mwingine. Tulimbeba hata hivyo, yeye akilalamika kwamba viatu vyake vimebaki.

Hospitalini walimbandika nyaya kifuani na mashine ikawa inachora mistari kwenye karatasi. Daktari aliisoma ile karatasi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaniambia potasiamu imepanda sana. Ni madini, alisema, yamo kwenye damu ya kila mtu, lakini yakizidi moyo unapoteza mwendo wake, na unaweza kusimama. Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Tumekuja kwa ajili ya figo. Moyo umeingiaje?

Nilichokiona baada ya hapo kilinivuruga kabisa. Walimchoma sindano ya kulinda moyo, taratibu, dakika nyingi. Kisha wakaleta insulini.

"Daktari," nilisema, "mwanangu hana kisukari."

"Najua, baba. Insulini inayasukuma yale madini yatoke kwenye damu yaingie ndani ya mwili."

"Na hiyo dripu?"

"Sukari. Ili insulini isimshushe sukari yake."

Nikawaza, mnampa kitu cha kushusha sukari na sukari kwa pamoja, ninyi mna akili timamu? Sikulisema. Kisha wakamvalisha barakoa ya mvuke, ile ya wenye pumu, na pumu hana. Kisha unga fulani umekorogwa kwenye maji, uyatoe yale madini kwa choo. Nilisimama pembeni nimeshika kandambili za mtu nisiyemjua, sijui nilizitoa wapi. Mwanangu alinipungia mkono kutoka ndani ya mvuke.

Usiku ule na asubuhi iliyofuata yale madini yalishuka kidogo. Lakini kipimo cha figo lenyewe hakikumpendeza daktari, kilikuwa kimepanda, si sana, ila kimepanda. Aliniita kwenye chumba chake.

"Inawezekana mwili umeanza kulikataa figo," alisema.

Nitalisema wazi, neno lile liliniumiza kuliko kisu chenyewe. Mwili wa mwanangu unanikataa mimi. Najua sivyo alivyosema. Ndivyo nilivyosikia.

"Likikataliwa tunafanyaje?"

"Tunaongeza dawa za kushusha kinga."

"Ongezeni basi."

"Lakini inawezekana pia dawa hiyo imezidi. Ikizidi inaliumiza figo, na inapandisha potasiamu. Hapo tunatakiwa kuipunguza."

"Dawa inayolilinda ndiyo inayoliumiza?"

"Ikizidi, ndiyo."

"Sasa imezidi au imepungua?"

"Ndicho tunachotafuta, baba."

Alisema wamepeleka damu kupima kiasi cha dawa, na majibu yakichelewa wataingiza sindano ndefu kwenye figo, wachukue kinyama kidogo wakiangalie kwa darubini. Kesho asubuhi. Nikaweka mkono ubavuni, upande usio na kitu. Nilichokuwa nacho nilishatoa. Hili likifa hakuna jingine la kumpa, anarudi kwenye mashine, anarudi kwenye kikombe cha kahawa. 

Akaniuliza habari za chakula, kama alivyokuwa ameuliza jana. Ndizi mbivu? Hapendi. Machungwa? Mara moja moja. Viazi, mihogo? Kidogo, mama yake anavichemsha na kumwaga maji, tulifundishwa. Maharage? Hapana. Maji anakunywa? Anakunywa vizuri sana, nilimjibu, na nilijibu kwa kiburi. Aliandika yote. Hakuna nililoficha. Nataka hilo lijulikane, maana dada yangu mpaka leo anasema nilificha.

Alasiri alipita wodini, akakuta chupa ya maji kando ya kitanda imejaa.

"Mbona hajanywa?"

"Haya ya chupa hayamwingii," nilimwambia. "Nyumbani nampa mazuri zaidi ya haya."

"Maji gani?"

"Ya dafu. Tena ya kitamli, mnazi wake mwenyewe."

Kalamu yake ilisimama.

"Mangapi?"

"Matatu kwa siku. Akija jirani, manne."

"Tangu lini?"

"Tangu tumerudi. Wiki ya tano hii."

Alivuta kiti akakaa. Nilijiandaa kusifiwa. Nasema kweli, nilijiandaa. Yeye akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia polepole kwamba dafu limejaa potasiamu, pengine kuliko chochote kingine ambacho mtoto wangu angeweza kunywa. Mtu mzima mwenye mafigo mazima anaitoa kwa mkojo, hata haijui. Huyu ana figo jipya, na dawa zinazolizuia kuitoa. Matatu kwa siku, kila siku, ni kumjaza.

"Lakini ni maji," nilisema.

"Ndiyo, baba."

"Tulikatazwa kwa sababu ni maji."

"Mlikatazwa kwa sababu zote mbili. Pengine moja haikuelezwa vizuri."

Alikuwa ananipunguzia mzigo. Niligeuka nikamtazama mke wangu, yule aliyeuliza nikamjibu habari za ubwabwa. Alikuwa anakunja kanga ya mtoto, anaikunjua, anaikunja tena. Hakusema lolote, na safari hii sikuhesabu ushindi.

Ile sindano ndefu iliahirishwa. Walisema tusubiri siku mbili, bila dafu, maji kwa wingi, dawa moja kati ya zile wameisimamisha na ile kubwa ya kushusha kinga wameipunguza kidogo. Jioni hiyo nilikaa kando ya kitanda, mama yake amekwenda kuswali. Nilimwomba mwanangu radhi. Sikujua baba anaombaje radhi kwa mtoto, kwa hiyo nilisema tu kwamba madafu basi, hutakunywa tena, baba alikosea.

Kisha akasema, "Mimi hata siyapendi."

"Huyapendi tangu lini?"

"Tangu siku zote. Yananichefua."

"Sasa mbona ulikuwa unamaliza?"

"Daktari alikukataza kukwea, ukakwea. Nilikuona ulivyoshika ubavu. Ningekataa vipi, baba?"

Nilitoka nje kwenye korido nikasimama karibu na ndoo ya kunawia, watu wakipita wananiambia pole bila kujua ya nini.

Siku ya tatu kipimo cha figo kilishuka. Siku ya tano kikashuka tena. Daktari alisema haoni dalili ya kukataliwa, inaelekea ni dawa kuzidi pamoja na madafu. Nikamuuliza ni kipi hasa, dawa au mimi. Akasema vyote vilisaidiana. Nikamuuliza, basi lilikuwa limeanza kukataliwa au halikuanza? Akasema hawezi kujua. Nimeuliza tena kliniki mbili baadaye, na jibu ni lile lile, nami nimebaki nalo hivyo hivyo.

Tulirudi Ndagoni. Mke wangu, bila kuniuliza, alitoa uvunguni mtungi wa mama yake, akaufukiza ubani, akamimina maji yaliyochemshwa yakalala humo. Asubuhi mtoto akanywa bilauri mbili bila kukunja uso. Kumbe dawa ya harufu ya moshi ilikuwa uvunguni mwetu siku zote. Nilitaka kumuuliza mwenzangu kwa nini hakusema mapema, nikajikumbuka.

Kitamli sikukigusa tena. Madafu yake yamekomaa yakawa koroma, yakawa nazi, yanadondoka yenyewe.

Wiki iliyopita jirani yetu, bibi wa nyumba ya tatu, alikuja kutujulia hali ameshika dafu moja kubwa la mnazi wake. Hana habari za potasiamu, na sikuwa na nguvu za kumweleza, maana mimi mwenyewe nikianza kueleza hufika katikati nikapotea. Nililipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru. Alipoondoka, nikaona nisilitupe, ni haramu kutupa. Nikalikata nikae nilinywe mwenyewe pale barazani.

Mwanangu alikuwa mkekani na jagi lake.

"Baba, usinywe."

"Mimi halinidhuru, mama."

"Umemuuliza daktari?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Na wewe unalo moja," alisema.

Nilitaka kumwambia langu ni zima, mimi sina dawa za kushusha kinga, mimi ni mtu mzima. Yote ni kweli, nadhani. Lakini alikuwa ananitazama vile vile alivyonitazama siku ile nikiwa kidato cha tatu, na safari hii niliuelewa uso ule. Nikaliweka dafu chini. Akasogea, akatafuta chombo karibu, hakuona ila kikombe cha kahawa, akakijaza maji ya mtungi akanipa. Nikanywa. Akanijazia tena.